Mji Mkubwa Haufunzi Uhandisi

Wanafunzi wenzangu, na hasa ninyi wa Kidato cha Nne ambao kama mimi mnahesabu siku za mtihani kwa vidole, ningependa kutoa maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana bwenini taa zikishazimwa. Jambo lenyewe ni chuo tutakachokwenda. Nimeyasikiliza mazungumzo hayo muhula mzima, na naona kwamba hatuzungumzi juu ya vyuo hata kidogo. Twazungumza juu ya miji! Mmoja atasema, "Mimi ni Nairobi tu, kwingine siendi." Mwingine ataka Mombasa, ati kwa sababu ya bahari. Wa tatu aapa kwamba Eldoret kuna baridi ya kuua mtu. Ukimwuliza yeyote kati yao karakana ya chuo anachokitaka ina mashine gani, atakutazama kana kwamba umemwuliza nauli ya kwenda mwezini.

Mimi nataka kusomea uhandisi wa mitambo. Nyumbani ni Voi, baba ni fundi wa malori kando ya barabara kuu, na nilijua majina ya spana kabla sijajua kuliandika jina langu. Kwa hivyo suala hili kwangu si porojo. Digrii ya uhandisi hapa nchini ni ya miaka mitano, si minne kama zilivyo nyingi nyingine. Miaka mitano ya karo, chakula na nauli si mchezo, na nyuma yangu wapo wadogo watatu wanaosubiri zamu yao.

Hebu basi tuanze na lile ambalo wengi wetu hatulijui. Chuo kuwa na jina hakutoshi. Kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, wanaosajili wahandisi ni Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ile iitwayo EBK. Bodi hii haitoi ithibati kwa chuo kizima. Hukagua kozi moja moja. Chuo kimoja chaweza kuwa na uhandisi wa ujenzi unaotambuliwa, na mlango wa pili pakawa na kozi nyingine ya uhandisi isiyotambuliwa. Aliyesoma hiyo ya pili hasajiliwi kuwa mhandisi mhitimu, na asiyeingia katika daftari hilo hawezi kuanza kuhesabu ile miaka mitatu au zaidi ya kazi inayotakiwa kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili.

Jirani yetu mmoja yalimpata hayo. Alisoma miaka mitano, akavaa joho, mbuzi akachinjwa na nyimbo zikaimbwa hadi usiku. Kisha akapeleka stakabadhi zake, akaambiwa kozi yake haimo orodhani. Chuo chenyewe sikitaji. Leo anauza vipuri vya pikipiki, na ingawa kazi ni kazi, hakwenda chuoni kwa ajili hiyo. La kusikitisha ni kwamba orodha ya kozi zilizopewa ithibati hutolewa na bodi hadharani. Ni dakika tano tu za kuisoma. Tena isomeni mwaka ule ule mnaochagua, maana ithibati ina muda wake, na orodha ya mwaka juzi yaweza kuwa imebadilika.

Baada ya ithibati ni karakana, na hapa nitakaa kidogo. Neno hili, walimu wetu wa lugha watakubali, lilitujia kutoka Uajemi nalo lina maana ya mahali pa kazi. Si mahali pa kutazama. Chukueni mfano wa mashine ya kukereza chuma. Kipande cha chuma huzungushwa kwa kasi huku kisu kigumu kikikikwangua polepole hadi kifikie unene unaotakiwa. Kitabu kitakueleza kasi ya kuzungusha. Hakitakueleza sauti ya kisu kinapoanza kuungua. Sasa, swali la kuuliza juu ya chuo si kama mashine zipo. Kila chuo kitajibu zipo, tena kitakuonyesha picha. Swali ni hili: zinazofanya kazi leo ni ngapi, na mashine moja huzungukwa na wanafunzi wangapi? Wakiwa watano, kila mmoja ataigusa. Wakiwa thelathini, atakayeigusa ni fundi wa karakana, na ninyi wengine mtaandika ripoti ya mlichokiona kwa mbali kupitia mabega ya wenzenu. Majibu ya swali hili hayamo katika vijitabu vya vyuo. Wanayo kaka na dada waliotoka shuleni humu wakaenda huko. Wakija kututembelea, sisi huwauliza habari za sherehe na muziki tu!

Msidhani nadharau Nairobi. La hasha! Chuo Kikuu cha Nairobi kilichipuka kutoka Royal Technical College iliyofunguliwa mwaka 1956, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Kutoka pale waweza kwenda kwa miguu hadi Kamukunji ukawaone mafundi wa jua kali wakigeuza bati na mapipa kuwa majiko na masanduku, na Eneo la Viwanda liko ng'ambo ya reli. Kwa mwanafunzi wa mitambo hiyo ni shule nyingine. Lakini wanaoitaja Nairobi bwenini hawayataji hayo. Hutaja taa na maghorofa.

Nami ninayo sababu ya kuitaka Nairobi, maana mjomba wangu anaishi Kayole na ameahidi kunipa kitanda bure. Mama alifurahi mno aliposikia. Namshukuru mjomba, ila nimepiga hesabu. Likizo ya Aprili nilikaa kwake, na asubuhi matatu ilitumia saa moja na nusu kuingia mjini. Siku ya mvua hata usiulize. Jioni ni vivyo hivyo. Saa tatu njiani kwa siku, mara siku tano, ni saa kumi na tano kwa juma. Na masomo ya uhandisi yana vipindi vya maabara vya alasiri nzima, mtu hutoka jua limekwisha kuzama. Kitanda cha bure kumbe kina bei yake, na bei yenyewe hulipwa kwa usingizi na nauli.

Sasa tazameni Juja. Chuo cha Jomo Kenyatta kilianza mwaka 1981 kikiwa chuo cha kilimo na teknolojia kwa msaada wa serikali ya Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Juja si mji wa kujivunia. Kiangazi ni vumbi, masika ni matope, na nyumba za kukodisha zimebanana kama meno ya kitana. Lakini ukipata chumba karibu na lango, karakana ni mwendo wa miguu, na mradi wako ukikushinda mchana waweza kuurudia jioni. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, yakufikisha Ruiru na Thika penye viwanda, kikiwemo cha kuunganisha magari, bila kupita katika msongamano wa katikati ya Nairobi. Ajabu ni kwamba Juja hufundishwa hata uhandisi wa meli, ilhali bahari iko karibu kilomita 500 kutoka hapo! Sisi wa upande wa Pwani tulicheka tuliposikia. Bila shaka mwanafunzi wa kozi hiyo itambidi ateremke Kilindini akanuse chumvi.

Mombasa nayo baba ndiyo anayoitetea, kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kina mizizi katika taasisi ya MIOME ya miaka ya 1950, na kilipata kuwa chuo kikuu mwaka 2013. Kwa mpenda mitambo, mji huo ni karamu: bandari na winchi zake, mitambo ya umeme ya Kipevu, na kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichoanza mwaka 1954. Hata hivyo, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Aliyekuwa amechagua Mombasa kwa ajili ya kiwanda hicho pekee alibaki mdomo wazi. Miaka mitano ni mirefu, na viwanda navyo hufa.

Wakati mwingine hufufuka pia. Eldoret kuna kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa mwaka 1976, kikaja kuanguka, kisha Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007 kiwe pia mahali pa mafunzo na utafiti. Anayetaka uhandisi wa nguo hana haja ya kutazama kwingine. Ila mjue mnakokwenda! Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, rafiki yangu mmoja alirukaruka akisema sasa atasomea jijini. Hakujua kwamba uhandisi wa Moi unafundishwa Kesses, kilomita 35 hivi kutoka jijini, katikati ya mashamba ya mahindi na ngano. Jiji utaliona Jumamosi, ukiwa na nauli. Kwangu hilo si kasoro, maana palipo na utulivu hata pesa hukaa mfukoni. Ya Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, nitayapitia upesi: anayevutiwa na umeme wa mvuke wa ardhini asikisahau, ingawa mvuke wenyewe uko Olkaria upande wa Naivasha.

Nina neno kwa wasichana wenzangu na wazazi wetu. Tunapotaja uhandisi, wazazi huuliza, "Ni mbali?" Umbali si hatari peke yake. Kutoka Voi hadi Kesses ni zaidi ya kilomita 600, lakini safari hiyo utaifanya mara chache kwa mwaka. Njia ya kutoka karakana hadi chumbani utaipita kila jioni. Ina taa? Bweni liko ndani ya ua wa chuo au ng'ambo ya barabara kuu? Wa mwaka wa kwanza wanahakikishiwa nafasi? Wasichana katika madarasa hayo bado ni wachache, na aliye peke yake njiani usiku huacha kwenda karakana, kisha watu husema wasichana hawawezi mitambo.

Mwalimu mmoja alinipinga nilipomweleza haya. Alisema, "Wewe, kazi hupatikana kwa kujuana, na watu wako mjini." Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini wanaokujua kikazi ni wale uliofanya nao mafunzo ya kiwandani wakati wa likizo ndefu, na mafunzo hayo waweza kuyaomba Nairobi hata ukiwa msomi wa Kesses. Hapo ndipo kitanda cha mjomba kitakapofaa. Mwenzangu mwingine alinikumbusha kwamba Moi ilifungwa mwaka 2024 kwa mgomo wa wahadhiri. Ni kweli. Lakini mgomo wa mwaka 2025 ulivikumba vyuo vya umma kote nchini, vya mjini na vya mashambani.

Kuna alama pia. Matokeo yakitoka, KUCCPS hufungua nafasi ya kuchagua kwa muda mfupi, na uhandisi ule ule huwa na kikomo tofauti cha alama kutoka chuo hadi chuo. Wanaokimbilia mji mmoja hukipandisha kikomo cha mji huo wenyewe kwa wenyewe, kisha hulia. Nami nimekwisha kuandika orodha yangu nyuma ya daftari la Fizikia, Mungu akinijalia alama: Juja, Kesses, halafu Mombasa. Nairobi ni ya nne. Baba bado hajakubali kwamba Tudor iwe ya tatu, na mazungumzo yanaendelea. Mwenye hoja ya kuitetea Nairobi bila kutaja maghorofa, na aiandike. Mhariri anapokea makala za toleo lijalo.