Pumzi Si Mali ya Hoteli

Vijana wenzangu wa Mbeya na Iringa, nani katudanganya kwamba yoga ni anasa ya Wazungu? Asili yake ni India. Kule Paje, Unguja, kusi likivuma, wanaoteleza juu ya mawimbi kwa tiara wanafundishwa hotelini kunyoosha viungo na kuvuta pumzi taratibu. Si mapambo. Ukipigwa na wimbi, hofu ndiyo humaliza pumzi upesi.

Sisi je? Tukimwona mtu kakaa kimya anahesabu pumzi, eti ana shetani! Hata mimi nilicheka. Halafu siku moja, Matema, Ziwa Nyasa, rafiki yangu alitaka kutushinda kuzamia. Akahema harakaharaka, akazama. Hakuibuka. Wavuvi wakamtoa, kazimia. Bahati yake alizinduka. Baadaye ndipo nikajifunza: kuhema vile hupunguza hewa ya kaboni mwilini, nayo ndiyo humsukuma mzamiaji atoke majini. Ikipungua, oksijeni humwishia bila onyo.

Basi shetani ni ujinga, jamani, si yoga! Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Mkimbiaji wetu naye anahitaji elimu ya pumzi. Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo, na hakudai mkeka wa dola.

Walimu wa michezo, mnangoja nini? Tuzike kwanza?