Injini ya Moshi na Wazee Waliojua Kuiwasha

Mkulima wa Mau Narok hana reli karibu na shamba lake. Stesheni ya jirani ni Njoro, katika njia itokayo Nakuru kwenda Kisumu, ambako reli ilifika mwezi wa Desemba, 1901. Hata hivyo habari za injini za moshi zamhusu, kwa maana ndizo zilizofungua nyanda zile za juu kwa biashara ya mazao.

Siku hizi katika nchi nyingi hufanywa sherehe za Jumamosi na Jumapili, injini za zamani zikawashwa na wageni wakalipa nauli ili wazipande. Huko Wales, reli ya Talyllyn iliokolewa na watu wa kujitolea mwaka 1951, ikawa ya kwanza duniani kutunzwa hivyo. Kenya nayo ina hazina yake. Katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imo injini Namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni moja katika injini 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Uzito wake ni kama tani 252, na kazi yake ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Baada ya mwaka 2000 iliwashwa tena, ikavuta magari ya wageni.

Wageni hufurahia moshi na mlio wake, hupiga picha, kisha hurudi makwao. Lakini injini hiyo haiwashwi kwa ufunguo kama lori. Moto huanzishwa saa nyingi kabla ya safari, polepole, kwa sababu chuma kikipata joto ghafula huharibika. Tena kioo cha maji hakiachwi bila kutazamwa. Maji yakipungua juu ya sanduku la moto, chuma hulainika, na boila huweza kupasuka na kuua watu. Katika mpando mkali kama ule wa Mau, maji huegemea upande mmoja, na kioo humdanganya asiyezoea.

Maarifa hayo hayakuandikwa yote vitabuni. Yalikaa mikononi mwa madereva, wapiga moto na mafundi wa karakana. Injini za moshi ziliacha kazi ya kila siku karibu na mwaka 1980, na kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 60. Wenzake wanazidi kupungua.

Basi katika sherehe za namna hii haitoshi wazee hao kuketishwa mbele na kupigiwa makofi. Wapewe vijana wa kufundisha, maana bila warithi wa kazi, injini itabaki chuma kilichopakwa rangi.

Nawe msomaji wa Njoro, Molo au Mau Narok, ikiwa baba au babu yako alitumikia reli, chukua daftari ukamwulize alivyofanya kazi yake, ukaandike. Mali bila daftari huisha bila habari.