Kuacha Mke si Kuacha Deni

  

Ndugu Waislamu, katika wilaya zetu za Handeni na Korogwe talaka nyingi humalizikia barazani. Wazee wa pande mbili hukaa, sheikh huombwa asimamie, na mume hukiri mbele ya watu kwamba atatoa nafaka ya eda, atakamilisha mahari iliyobaki, na kila mwezi au kila mavuno atawapelekea watoto kiasi fulani. Karatasi huandikwa, mashahidi hutia saini, Fatiha husomwa. Mwezi wa kwanza hutoa. Wa pili hutoa nusu. Wa tatu simu haipokelewi, na anayeuliza huambiwa kaenda machimboni, au kahamia Dar es Salaam, au kaoa Mombo na ana majukumu mapya. Mama hubaki na watoto na karatasi yake.

Je, karatasi ile ina nguvu gani, na mama yule afanye nini?

Kwanza tujue uzito wa jambo lenyewe. Mahari iliyobaki ni deni. Qur'ani Tukufu katika Suratun Nisaa, aya ya 20, inamkataza mume kurudisha chochote katika alichompa mkewe, hata kama ni mali nyingi. Suratul Baqara, aya ya 233, inaweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, na Suratut Talaq, aya ya 7, inamtaka kila mtu atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu. Katika mapokezi ya Abu Daud na Nasai imeongezwa kwamba ucheleweshaji huo unahalalisha heshima yake na adhabu yake. Wanazuoni wakafasiri kwamba mdai ana ruhusa kusema hadharani kuwa fulani kanizungusha, na kwamba hakimu ana ruhusa kumfunga. Basi asiambiwe mama anayekwenda kushitaki kwamba anamvunjia heshima baba watoto.

Sayyidna Umar (R.A.) aliwaandikia makamanda wa majeshi kuhusu wanaume waliokuwa mbali na wake zao: watume nafaka au waache, na wakiacha watume nafaka ya muda waliowazuia. Talaka haikulifuta deni lililotangulia.

Hapa pana jambo la fiqhi ambalo wengi hawalijui. Nafaka ya mke ikipita bila kulipwa hubaki deni shingoni mwa mume. Lakini nafaka ya watoto, kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, kama ilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi, ikipita haigeuki deni ila pale kadhi alipoikadiria au alipomruhusu mama akope kwa dhima ya baba. Baba aliyeacha kutoa anabaki na dhambi yake kwa Mola wake. Ama mama aliyevumilia miaka mitatu kwa kuona haya, huenda akakuta hana cha kudai katika miaka hiyo. Subira ni njema, lakini hapa hasara yake inawafika watoto. Aende mapema.

Aende wapi? Huku Bara, tangu mfumo wa mahakama ulipounganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, makadhi wetu husuluhisha na kushauri, lakini hawana dola ya kumlazimisha mtu kulipa. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Mahakama za Kadhi kwa mujibu wa sheria. Kwetu sisi mlango ulio karibu ni Mahakama ya Mwanzo.

Utaratibu huanzia kabla ya talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza likishindwa litoe hati. Talaka ikitolewa baada ya hati hiyo, mahakama huitazama kuwa ni uthibitisho kwamba ndoa imevunjika. Kisha makubaliano ya barazani yapelekwe mahakamani yawe amri: kiasi gani, tarehe gani, na kwa njia ipi. Malipo ya simu ni bora, kwani huacha ushahidi kwa pande zote mbili.

Asipolipa, mama hahitaji kufungua kesi upya. Anaomba kukaziwa hukumu. Mahakama inaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama, iwe pikipiki, ng'ombe au mahindi yaliyo ghalani. Mwenye ajira, kama wale wa mashamba ya mkonge ya Korogwe, mshahara wake unaweza kukatwa. Akiwa amehamia mbali, hukumu inaweza kupelekwa kwenye mahakama ya huko aliko. Kwa matunzo ya watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu pia ofisa ustawi wa jamii kuomba amri, na maofisa hao wapo katika halmashauri zetu.

Uadilifu una pande mbili. Mume aliyefilisika kweli kweli ana haki ya kupewa muda, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 280. Lakini arudi mahakamani na ushahidi wake aombe kiasi kipunguzwe, asizime simu. Mama naye asidai nafaka yake mwenyewe kupita eda bila sababu maalumu, na asimfiche mtoto kwa baba yake eti hajalipa. Kumwona mzazi ni haki ya mtoto, haiuzwi.

Na sisi masheikh tunaoandika karatasi hizi tuna dhima. Tukishasoma Fatiha tusiondoke hadi tumemwambia mama wazi kwamba karatasi ile ni ushahidi tu, na kwamba aipeleke mahakamani kabla mwezi wa tatu haujafika.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuwezeshe kulipa madeni yetu kabla ya siku ambayo hulipwa kwa mema ya mtu. Wabillahi tawfiq.