Kipya Kinyemi, Lakini Petroli Analipa Nani?

Hapa Malimbe ukianzisha mada ya pikipiki za mashindano, humkosi wa kusema tustroki ilishakufa zamani, fostroki ndiyo mpango mzima. Mimi nasema mtu huyo ashuke mwaloni kabla ya kutangaza msiba. Ziwa Victoria bado linavuliwa kwa tustroki, na wapo wanaozilipia injini hizo kila usiku bila kuulizwa.

Tuanze na historia. Mwaka 1961 dereva Ernst Degner alitoroka Ujerumani Mashariki akiwa na ujuzi wa Walter Kaaden, mhandisi wa MZ, akaupeleka Suzuki. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa cc 50. Siri kubwa ilikuwa kwenye ekzosti. Tustroki inawasha moto kila mzunguko, fostroki kila baada ya mizunguko miwili, ndiyo maana tustroki ndogo ina nguvu. Kasoro yake ni kwamba petroli mpya inaingia kwenye silinda huku mlango wa moshi ukiwa bado wazi, hivyo sehemu yake inatoka bila kuungua. Kaaden alilipa bomba umbo la tumbo, mgandamizo ukawa unarudi na kuisukuma petroli ndani.

Kuanzia hapo kila toleo liliziba tundu la lile lililotangulia. Yamaha ya cc 250 iliyompa Phil Read ubingwa mwaka 1964 ilipozwa kwa upepo. TZ250 ya mwaka 1973 ikapozwa kwa maji, haikulegea mbio zikiwa ndefu. Mwaka 1975 Giacomo Agostini akachukua taji la cc 500 kwa Yamaha, mara ya kwanza kwa tustroki katika daraja hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaja vali ya kwenye mlango wa moshi, inayobadilisha kimo cha mlango kulingana na kasi, na injini ikaacha kusinzia kwenye mzunguko mdogo.

Sasa ilikufaje? Mwaka 2001 Valentino Rossi alitwaa ubingwa kwa Honda NSR500, tustroki. Mwaka 2002 akautwaa tena kwa Honda RC211V, fostroki. Lakini sheria mpya iliiruhusu fostroki kufika cc 990 huku tustroki ikibaki na 500. Karibu mara mbili! Daraja la cc 125 nalo likafungwa mwaka 2011. Tustroki haikufa kwa uzee, bana. Waandika sheria ndio walioamua.

Turudi ziwani. Jina la Yamaha lipo pia nyuma ya mitumbwi yetu, na tustroki inapendwa kwa sababu za msingi. Ni nyepesi, mvuvi anaibeba begani hadi nyumbani ili isiibiwe. Ina vipuri vichache, na fundi wa mwaloni anaifungua kwa mwanga wa tochi. Bei yake pia ni nafuu kuliko ya fostroki.

Tatizo ni lile tundu alilopambana nalo Kaaden. Kwenye tustroki ya kawaida ya kabureta, petroli inayotoka bila kuungua inaweza kufika robo nzima, ikiwa imechanganywa na oili. Moshi wake unatokea chini ya maji, katika ziwa hilihili ambalo Mwanza inachota maji yake ya bomba pale Capri Point.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Kwa kawaida mapato ya samaki hukatwa kwanza gharama za safari, petroli ikiwemo, ndipo kinachobaki kigawanywe kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Maana yake, anayechagua injini ni tajiri, lakini petroli inayomwagika inalipwa na wote, pamoja na kijana aliyekesha akivuta nyavu za dagaa. Tajiri anafaidi unafuu wa bei peke yake, hasara ya petroli anagawana na watu. Kwa hesabu hiyo, kwa nini anunue fostroki?

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka tustroki zipigwe marufuku kesho asubuhi. Hata Marekani ilitoa kanuni za injini za boti mwaka 1996, zikapanda hatua kwa hatua hadi mwaka 2006, kwa lengo la kupunguza uchafu huo kwa asilimia 75. Marufuku ya ghafla itamwangukia yuleyule mvuvi.

Tuanze na mgao. Petroli ikatwe kwenye fungu la mwenye mtumbwi, naye apewe sehemu kubwa kidogo ya mapato ili asidhulumiwe. Akiilipa mwenyewe, ataanza kuhesabu lita bila kusukumwa na mtu.

Na sisi wanachuo tuna kazi. Tukapime mitumbwi miwili, injini za nguvu sawa, njia moja ya Igombe, moja tustroki na nyingine fostroki, wiki nne. Matokeo tuyapeleke kwa vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya kila mwalo. Utafiti kama huo una faida kuliko kubishana usiku kucha kuhusu Rossi, na hauhitaji zaidi ya daftari na kidumu chenye alama za lita.