Chanjo za Mbwa Zipangwe kwa Hatari, Si kwa Mazoea

Mtu aliyeng'atwa na mbwa anapofika zahanati, muuguzi humuuliza iwapo mbwa huyo amechanjwa. Majibu yanayosikika sana ni matatu: "alichanjwa zamani", "bado ni mdogo", na "huyu hatoki nje ya geti". Yote matatu yanaonyesha jinsi uamuzi wa chanjo ya mbwa ulivyoachiwa mazoea, ilhali uamuzi huo ukiwa mbaya, gharama yake hulipwa katika wodi za binadamu.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba ya kutegemewa. Mgonjwa hufa, na wauguzi hubaki na kazi ya kumpunguzia mateso tu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, walio wengi wakiwa Afrika na Asia, na takribani wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa sababu hiyo, chanjo ya kichaa cha mbwa haistahili kupangwa katika orodha moja na chanjo nyingine, kana kwamba mwenye mbwa anaweza kuchagua. Kila mbwa aliyeko Tanzania anaihitaji, awe wa ulinzi, wa kuwindia, wa kulelewa sebuleni au mbwa koko.

Jibu la "bado ni mdogo" ndilo linalostahili kupingwa kwa nguvu zaidi. Kwa miaka mingi wenye mbwa wameambiwa wasubiri hadi mnyama atimize miezi mitatu, kwa hoja kwamba kingamwili alizonyonya kwa mama yake zingeizuia chanjo kufanya kazi. Hoja hiyo ina msingi kwa baadhi ya magonjwa. Kwa kichaa cha mbwa, tafiti, zikiwemo zilizofanyika Tanzania, zimeonyesha kwamba watoto wa mbwa walio chini ya umri huo hujenga kinga, na Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe wanapoletwa kwenye kampeni, kisha dozi irudiwe wakitimiza umri huo. Mtoto wa miaka saba hambebi mbwa wa ulinzi mapajani. Humbeba mtoto wa mbwa, na humwachia alambe mikono yenye michubuko. Kumrudisha nyumbani mtoto wa mbwa aliyekwisha kufikishwa kwenye kituo cha chanjo, eti arudi mwakani, ni kosa lisilo na utetezi.

"Alichanjwa zamani" ni jibu linaloibua suala la muda. Dozi ya kwanza hufuatwa na nyingine baada ya mwaka mmoja. Baada ya hapo baadhi ya chanjo zimeidhinishwa kukinga kwa mwaka mmoja na nyingine kwa miaka mitatu, kulingana na mtengenezaji. Kwa nini basi kampeni hufanyika kila mwaka? Sababu kubwa ni kwamba mbwa wetu hawaishi muda mrefu. Wengi hufa mapema, wengine huzaliwa, na kijiji kilichochanja asilimia 70 ya mbwa wake, kiwango kinachotambulika kuwa kinatosha kuukatiza ugonjwa, kinaweza kushuka sana kabla ya mwaka kwisha. Kisiwa cha Pemba kilijifunza hilo kwa vitendo: ugonjwa ulitokomezwa mwaka 2014, ukaingia tena mwishoni mwa 2016 bila kugunduliwa mapema, na ukatokomezwa kwa mara nyingine mwaka 2018 baada ya uchanjaji wa mbwa kuimarishwa.

Zipo chanjo nyingine tatu ambazo kila mbwa anazihitaji kwa ajili ya uhai wake mwenyewe: dhidi ya distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa. Magonjwa haya hayamwambukizi binadamu, ingawa distempa imewahi kuvuka kutoka kwa mbwa na kuua takribani theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Hapa kingamwili za mama huzuia chanjo kweli, ndiyo maana dozi huanza mbwa akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka atimize angalau wiki 16, kisha nyingine hutolewa kabla ya mwaka kwisha. Baada ya hapo, mwongozo wa WSAVA, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, unasema zisirudiwe mara nyingi zaidi ya kila miaka mitatu. Kliniki inayozichoma zote kila mwaka humtoza mwenye mbwa fedha ambazo zingetosha kumchanja mbwa wa jirani dhidi ya kichaa.

Leptospirosisi ni suala jingine. Watanzania waliifahamu mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda, ilipoua watu mkoani Lindi. Panya ndio wenye lawama kubwa, lakini mbwa naye huweza kutoa vimelea kwenye mkojo. Chanjo yake hukinga kwa takribani mwaka mmoja, tena dhidi ya baadhi tu ya aina za vimelea, hivyo mbwa aishiye penye panya wengi au mashamba ya majimaji apewe dozi mbili mwanzoni, kisha moja kila mwaka. Chanjo ya kikohozi cha mbwa wanaolazwa pamoja mabandani inaweza kuachwa kwa mbwa asiyekutana na wenzake.

Ama "hatoki nje ya geti", geti halimzuii mbwa mgeni kupenya usiku chini ya uzio, wala popo kuanguka uani.

Mtumishi wa afya naye asiigeuze kadi ya chanjo ya mbwa kuwa sababu ya kumrudisha mgonjwa. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, chanjo ya binadamu ianze bila kuchelewa, na mbwa, akipatikana akiwa mzima, aangaliwe kwa siku 10. Kadi hiyo, yenye jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe iliyotolewa na tarehe ya kurudia, itamsaidia daktari kupima hatari. Mwenye mbwa aihifadhi pamoja na kadi za kliniki za watoto wake, ili usiku wa dharura isitafutwe.