Ukienda kisiwani, umebeba nini?

Ushauri mwingi wa afya anaopewa msafiri humhusu yeye mwenyewe: maji gani anywe, chanjo gani adungwe, mbu gani ajihadhari naye. Ni ushauri mzuri na sina ugomvi nao. Lakini kuna safari ambazo yafaa swali ligeuzwe: je, wenyeji wanakuogopea nini wewe?

Chukua Rapa Nui, ambacho ramani nyingi hukiita Kisiwa cha Pasaka. Ni pembe ya mashariki ya Polinesia, katika Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Chile inayokitawala. Tuseme umejaliwa likizo ya siku nne huko. Ndege kutoka Santiago itakupitisha juu ya maji matupu kwa saa tano hivi. Utaona moai, yale masanamu makubwa ya mawe, utaogelea Anakena, kisha utarudi zako. Watakaobaki ni wakazi wapatao elfu nane, wenye hospitali moja mjini Hanga Roa. Mgonjwa aliyezidiwa hana budi kupelekwa bara kwa ndege.

Watu hawa wana sababu ya kumtazama mgeni mara mbili. Mwaka 1862 meli kutoka Peru ziliwateka mamia kwa mamia ya wenyeji na kuwapeleka utumwani, na wengi wao walikufa huko. Baadaye, kelele zilipopigwa, wachache walirudishwa. Wengi wa hao walifia baharini, na wale waliofika nyumbani walifika na ndui. Ndugu waliwapokea kwa furaha, nayo ndui ikaingia nyumba hadi nyumba. Kufikia mwaka 1877 kisiwa kizima kilikuwa na watu 111 tu. Wenyeji wa asili wa leo ni wajukuu na vitukuu vya hao.

Utasema ndui imekwisha duniani. Kweli, lakini njia ya kuingilia haijafungwa. Mwaka 2002 homa ya dengi ililipuka kisiwani humo. Wasomaji wa Mombasa wanaijua vyema homa hiyo na mbu wake anayeuma mchana. Sasa, mbu hawezi kuruka kilomita 3,500 akiwa na virusi vyake. Virusi husafiri ndani ya damu ya abiria, pengine asiyejua kwamba anaumwa. Na huko Samoa, kwao pia ni Polinesia, ukambi uliua watu 83 mwaka 2019, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Ndiyo maana sikushangaa Rapa Nui ilipojifunga Machi 2020 kwa sababu ya Covid. Walilitumia neno lao la kale, tapu, yaani mwiko. Walilima bustani, wakavua samaki, wakavumilia bila watalii ambao ndio mkate wao. Oktoba 2021 walipoulizwa kwa kura kama mlango ufunguliwe, wengi walisema bado. Kisiwa kilifunguliwa Agosti 2022. Kuna waliowaita waoga. Mimi naona walikuwa wakihesabu vitanda vya hospitali yao.

Basi kabla hujafunga mizigo, uliza kama ulimaliza chanjo ya ukambi. Watu wazima wengi hawakumbuki. Ukipatwa na homa ukiwa kisiwani, mwambie mwenye nyumba uliyofikia, nenda ukapimwe, na ujipake dawa ya kufukuza mbu hata kama umekwisha kuumwa nao, maana sasa unamkinga jirani.

Gumu zaidi ni homa inayokujia jioni ya kuamkia safari. Tiketi imelipwa, na pesa hazirudi. Najua wengi hufanya nini: humeza vidonge vya kushusha joto, hujipangusa jasho, na kupita kwa mkaguzi wakitabasamu. Siwalaumu kwa kuipenda pesa yao. Nawalaumu wauzaji wa tiketi wanaosifu pwani na machweo bila kutaja kwamba kuna bima inayolipia safari iliyoahirishwa kwa ugonjwa. Wewe waulize kabla ya kulipa, na uwaombe wakuonyeshe mahali ilipoandikwa.