Stesheni ya Zamani Isiuzwe, Ipewe Kazi

Nataka kusema neno juu ya stesheni ya reli ya Kampala na maghala yake ya mizigo, na kwa nini jambo hilo linawahusu watu wa Owino kuliko wao wenyewe wanavyodhani.

Mwaka 2024 Serikali yetu ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki, ili kujenga reli mpya kutoka Malaba hadi Kampala, mwendo wa kilometa 272. Habari hiyo ni njema, wala mimi si mmoja wa wale wanaochukia kila kitu kipya. Lakini kila reli mpya ijapo huleta swali: majengo ya reli ya zamani yatafanywa nini? Jirani zetu wa Kenya walipofungua reli yao mpya mwaka 2017, abiria wa Mombasa walianza kushukia Syokimau, mbali na katikati ya Nairobi, na stesheni ya zamani ya Mombasa mjini ikapoteza gari lake la Nairobi. Sisi bado tuna nafasi ya kufikiri mapema.

Kwanza tukumbuke stesheni yetu imetoka wapi. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi pamba yetu ilishuka Port Bell, ikavuka ziwa kwa meli, kisha ikapakiwa tena katika mabehewa. Reli yenyewe ilifika Kampala kutoka Kenya mwaka 1931, na mwaka 1956 ikaendelea hadi Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Palipo na njia ndipo palipo na biashara. Ndiyo sababu bonde lile lote, kuanzia stesheni mpaka Nakivubo, limejaa maduka, mabasi na wachukuzi, na Owino, soko lililoanza mwaka 1971, limo humo humo.

Baadaye mambo yalipooza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na shirika moja la reli likagawanywa mafungu matatu. Malori yakachukua mizigo, na katika miaka ya 1990 reli ya Kasese ikanyamaza. Lakini mwaka 2015 gari la abiria la Namanve lilipoanza, watu wa kazi walirudi stesheni asubuhi na jioni. Basi jengo halifi kwa uzee. Linakufa kwa kukosa kazi.

Sisemi kwamba mtu amekwisha kuiuza stesheni. Nasema ardhi iliyo karibu na Owino haikosi mchumba. Tazameni uwanja wa Nakivubo, ulivyozungukwa na maduka. Pale Nsambya, ambako wafanyakazi wa reli walikuwa na nyumba zao, sehemu ya ardhi ya reli imekwisha kupita katika mikono mingine.

Wenzangu darasani hunijibu kwamba watu wa Kampala wanataka chakula, hawataki matofali ya zamani, na kwamba jengo jipya la maduka lingewapa vijana kazi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini na tuulize, ni nani atakayepanga duka katika jengo hilo? Si mama auzaye nyanya chini, wala kijana mwenye robota moja la mivumba. Mwaka 2014 vibanda vingi vya kando ya reli hapa Kampala vilibomolewa, kwa sababu vilikuwa ndani ya ardhi ya reli. Sheria ni sheria. Lakini kama ardhi ile ni ya umma kiasi cha kumwondoa maskini, basi ni ya umma kiasi cha kutouziwa tajiri.

Tusidhani kwamba swali hili ni letu peke yetu. New York walianza kuibomoa stesheni yao kubwa ya Pennsylvania mwaka 1963, wakajuta, na mwaka 1965 mji ukapata sheria ya kulinda majengo ya namna hiyo. Paris walikuwa na stesheni ya Orsay, iliyofunguliwa mwaka 1900. Ilipokuwa haifai tena kwa magari marefu hawakuibomoa, na mwaka 1986 ikawa jumba la picha na sanamu linalojaa wageni mpaka leo. Nairobi wana Makumbusho ya Reli tangu mwaka 1971, na Jinja nao wamefungua yao mwaka 2022.

Kwa Kampala, hata hivyo, makumbusho peke yake hayatoshi. Owino liliungua mwaka 2009, na moto umerudi baada ya hapo zaidi ya mara moja. Mali inayolala sokoni huteketea pamoja na soko. Naona vema, basi, ghala la mizigo la reli lisilo na kazi lipangishwe kwa wachuuzi, kila mtu sehemu ndogo kwa kodi ndogo, ili marobota yao yalale mahali penye mlinzi. Stesheni iendelee kupokea abiria wa karibu, na chumba kimoja kihifadhi vitabu, taa na picha za reli. Ardhi ipangishwe tu, isiuzwe kamwe, kwa maana kilichopangishwa hurudi.

Ninyi mliotutangulia katika shule hii, wengine wenu sasa mko katika ofisi za Serikali, katika baraza la mji na katika mahakama. Mpango wa majengo ya reli utakapoletwa mbele yenu, ulizeni kabla ya kutia sahihi: mchuuzi wa Owino amepata nini humu? Nanyi wanafunzi wenzangu, likizo ijayo mtafuteni mzee aliyefanya kazi ya reli, mwandike habari zake wakati angali hai. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na mbacha huu wa reli bado unakalika.